Miaka Mitatu Kati ya Tanuri na Mkonge

Ukitoka Chalinze kuelekea Segera, ukaipita Mbwewe na kuingia Mkata, wilayani Handeni, magunia ya mkaa huanza kuonekana kando ya lami. Yamesimama mawilimawili, matatumatatu, yamejazwa hadi kilemba kikavuka mdomo wa gunia, kimefumwa kwa kamba na kuzibwa kwa majani. Mara nyingi huoni mtu karibu. Lakini gari likipunguza mwendo tu, mwenye mali hutoka kivulini akifuta mikono. Madereva wanaorudi Dar es Salaam wanaujua mkaa wa Handeni: ni wa miti migumu ya miombo, unakaa jikoni na hauishi upesi.

Msafiri huona gunia. Asichokiona ni wiki mbili au tatu zilizolitangulia. Mchomaji huingia porini na shoka na panga, akaangusha miti, akaikatakata na kuiacha ipoteze maji. Kisha hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, huacha matundu ya hewa na kuwasha moto. Kuanzia hapo hakuna usingizi wa maana. Moshi mzito mweupe humwambia kuwa kuni bado zinatoa maji. Moshi ukiwa mwembamba na kuingia ubuluu, mkaa unakaribia kuiva. Udongo ukipasuka usiku na yeye amelala, hewa huingia, na alfajiri hukuta majivu mahali alipotegemea magunia. Hata mambo yakienda vizuri, tanuri la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Sehemu kubwa ya mti huishia kuwa moshi, na moshi huo huishia kifuani mwa aliyeuchunga.

Kwa nini mtu afanye kazi hii? Kwa sababu Handeni mvua haina ahadi. Vuli ikigoma na masika ikaja nusunusu, mahindi hukauka yakiwa yamefika kiunoni. Mkulima asiye na mshahara, bima wala akaunti hubaki na benki moja tu isiyomdai dhamana, nayo ni pori. Mtoto akiugua, sare ikichanika, mbegu zikihitajika, tanuri moja hutatua. Wanaowaita wachoma mkaa waharibifu wa mazingira wanasahau kwamba wengi wao ni wakulima walioangushwa na msimu.

Mti umekatwa Handeni, lakini anayeuhitaji yuko mjini. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Watanzania hutumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake huishia Dar es Salaam. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kati ya 2001 na 2007 kaya za jiji hilo zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Mwanzoni mwa 2006 serikali ilijaribu kuuzuia mkaa kwa amri. Bei ilipaa, na baada ya wiki mbili hivi zuio likaondolewa. Amri ilikuwa imefunga njia ya kuingilia jikoni bila kufungua nyingine.

Safari hii nchi imejipanga tofauti. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na zile za watu zaidi ya 300 zikapewa hadi Januari 2025. Lengo ni jema, na mwandishi huyu analiunga mkono kwa moyo wote. Kwa takwimu za serikali, Watanzania takribani 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia, na wengi waliokaa karibu na moshi huo ni akina mama na watoto wao wa mgongoni.

Hata hivyo, mazungumzo mengi yamebaki jikoni. Tunahesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa, majiko yaliyopunguzwa bei, shule zilizoachana na kuni. Upande wa pili wa gunia, kule Sindeni na Kwamatuku, swali ni jingine: mji ukiacha kununua, kijiji kitakula nini?

Wenzetu walilijibu vipi

Swali hilo si la Handeni peke yake. Dunia nzima inauliza namna ya kuwaaga waliotumikia nishati ya zamani, hasa makaa ya mawe. Ujerumani ilipofunga mgodi wake wa mwisho wa makaa magumu huko Bottrop, Desemba 2018, wachimbaji walikuwa wametayarishwa kwa zaidi ya miaka 10 kwa pensheni, uhamisho na mafunzo. Sheria ya 2020 ilitenga hadi euro bilioni 40 kwa ajili ya mikoa itakayoachana na makaa ya mawe ifikapo 2038. Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 na mataifa tajiri mwaka 2021 kwa ajili ya safari hiyohiyo. Mtambo wa Komati, mkoani Mpumalanga, ulipozimwa Oktoba 2022, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa karibu dola milioni 500 kuubadilisha na kuwasaidia wanaouzunguka. Malalamiko hayakukosa: wapo waliosema kazi ziliondoka mapema na mbadala ukachelewa. Lakini angalau kila mmoja alikubali kwamba kuna deni.

Mchimbaji wa Bottrop alikuwa na kitambulisho, chama cha wafanyakazi na hati ya mshahara. Mchoma mkaa wa Handeni hana hata kimoja. Hayumo kwenye orodha yoyote ila ile ya faini, na asiyehesabiwa ni rahisi kusahauliwa wakati wa kugawa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu huyu ameipikia Dar es Salaam kwa miongo mingi. Haki yake ya kwanza ni kutambuliwa kwamba alikuwa kazini.

Korogwe ilishapita hapa

Hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Vuka Segera uingie Korogwe, utaikuta wilaya iliyoshuhudia uchumi mzima ukianguka.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge pwani ya Tanga. Asili yake ilikuwa Yucatán, Mexico, ikapitia Florida, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo, mashamba yalitanda bonde la Pangani na kuifuata reli. Manamba, yaani vibarua wa mashambani, waliletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka, wakajengewa makambi, wakazaa na kuzikana huko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na hakuna aliyeishinda duniani.

Kisha ikaja kamba ya plastiki. Bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa na mengi yakakosa uangalizi, korona, yaani viwanda vya kuchakata majani ya mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Hakuna aliyewaandalia manamba mafunzo wala mtaji. Walibaki kwenye makambi yaleyale, katikati ya ardhi isiyokuwa yao, wakisikiliza treni ikipita bila mzigo. Korogwe inajua kwa mwili wake kwamba soko likiamua kuondoka, halisubiri mtu apate kazi nyingine.

Lakini Korogwe inajua pia jinsi ya kuinuka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba ya Hale, Mwelya, Ngombezi, Magunga na Magoma yalianza kugawiwa kwa wakulima wadogo. Badala ya kuwa kibarua wa tajiri, mtu akawa na eneo lake la mkonge, akauza majani kupitia chama cha ushirika, na korona ikawa ya kuwahudumia wengi. Mpango huo umekuwa na magomvi yake: madeni, mizani isiyoaminiwa, korona zinazoharibika huku majani yaliyokatwa yakikauka juani. Bado, ni mmoja wa mifano michache nchini ya zao la mabeberu kugeuka zao la mkulima mdogo.

Mkonge unaifaa Handeni pia. Unavumilia ukame unaoua mahindi, na Kabuku, wilayani humo, imeujua kwa miaka mingi. Juu ya hayo, kuna hazina inayotupwa. Katika jani la mkonge, singa ni karibu asilimia 4 tu. Yaliyobaki ni maji na makapi yanayomwagwa nyuma ya korona. Hale ilishaonyesha kuwa makapi hayo yanaweza kuzalisha gesi na gesi ikazalisha umeme, kwa mtambo wa majaribio uliojengwa miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii. Gesi hiyo ikifikishwa kwenye majiko ya shule na kambi za jirani, mkonge utakuwa umemwajiri mchoma mkaa na kuichukua nafasi ya mkaa wake kwa wakati mmoja.

Hapa penye shimo

Sasa tufike kwenye kiini. Tanuri hulipa ndani ya wiki tatu. Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Mchungwa nao huchukua miaka. Ndiyo maana mafunzo, semina na miche ya bure mara nyingi haviwatoi watu porini. Mkulima anaelewa somo, anaupenda mche, anaupanda. Mwezi wa nne unga unakwisha, naye anarudi kwenye shoka. Tukimwita mkaidi tutakuwa tumemwonea, kwa maana tulimjengea daraja lisilofika ng'ambo.

Mpango wowote wa kuuacha mkaa upimwe kwa swali moja: nani anaibeba miaka mitatu ya kati?

Vifaa vya kuibeba vipo, ila vimetawanyika. Mkulima wa mkonge anaweza kupanda maharage au kunde katikati ya mistari wakati mimea bado midogo, kama ana mbegu na kama shamba limepangwa kwa nafasi hiyo. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa na kazi za ajira ya muda kwa kaya maskini, na hakuna kinachozuia kazi hizo zikawa vitalu vya miche na kurudisha misitu katika vijiji vya wachoma mkaa, hasa miezi ya njaa. Halmashauri zinatakiwa kukopesha asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo hupitia vikundi vilivyosajiliwa, na mchoma mkaa ni mtu wa peke yake anayehamahama na msimu. Maofisa maendeleo ya jamii wamfuate alipo na kumsaidia kuunda kikundi.

Pori lenyewe nalo lisihesabiwe kuwa adui. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kuchukua mapato yake. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, wananchi waligawa msitu vipande, wakavuna kwa zamu ya miaka 24, wakaacha visiki vichipue, na ushuru wa mkaa ukajenga madarasa na kulipia bima za afya. Handeni nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofikiwa na mradi wa misitu uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2018, uliovisaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi na kuuza mbao kwa utaratibu. Kwa kipindi cha mpito, mkaa mchache unaovunwa kwa mpango, pamoja na mbao na asali, unaweza kuwa ndio mshahara wa ile miaka mitatu. Kumkataza mtu vyote kwa siku moja ni kumfukuza kutoka msitu wa kijiji, ambako anaonekana, hadi msitu wa mbali asikoonekana.

Na fedha? Mfano wa kulipa tunao. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na linapita Handeni na Korogwe. Kabla halijafukiwa, wapimaji walihesabu mashamba, nyumba na miti ya watu, na fidia ikalipwa. Kwa hiyo tunajua kumhesabia mwanakijiji anachopoteza pale nishati inapotaka njia. Nishati safi ya kupikia nayo inataka njia, na safari hii inapita katikati ya riziki ya mtu.

Nilianza na magunia kando ya barabara, lakini anayenijia akilini kila nipitapo pale ni mtoto. Mkonge uliopandwa siku anapoanza darasa la kwanza utakatwa mara ya kwanza akiwa la nne. Katikati hapo kuna madaftari, sare mbili, viatu, homa kadhaa na unga wa kila siku. Hadi leo vyote hivyo hulipwa na tanuri la baba yake. Tukitaka moto ule uzimike kwa heri, mtu mwingine alipie madaftari hayo mpaka jani la kwanza lifike korona.