Sumaku na Makinikia ya Burundi

Mwaka 2021 serikali ya jirani zetu wa Burundi ilizuia usafirishaji wa makinikia ya madini adimu ya Gakara, ikidai nchi haikuwa ikipata haki yake. Kwa nini mawe hayo yagombewe?

Jibu limo ndani ya atomu. Kila elektroni ni kisumaku kidogo mno. Katika vitu vingi elektroni hukaa jozi jozi zikielekea kinyume, zikabatilishana nguvu. Atomu ya chuma ina elektroni nne zisizo na mwenzi, na atomu zilizopakana hupangana upande mmoja. Hapo ndipo usumaku unapozaliwa. Lakini chuma kitupu ni kigeugeu: kigonge tu, mpango huvurugika.

Neodimiamu, iliyomo katika mawe ya Gakara, huutuliza ugeugeu huo. Wingu la elektroni zake za ndani si la mviringo. Hukabwa na atomu zinazolizunguka lisigeuke, na chuma hushikwa papo hapo. Sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo izungushayo mota za magari mengi ya umeme.

Burundi iliuza makinikia. Sumaku zilitengenezwa ng'ambo.