Kishindo cha Ujenzi na Haki ya Jirani

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii walikwisha kuijadili habari ya jirani atwangaye kwa nguvu hata kuta za mwenziwe zikatikisika. Walimruhusu mtu kuitumia milki yake kama ilivyo ada, lakini kishindo chenye kudhuru ukuta wa jirani walikizuia. Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya barabara na reli zilizokwisha kujengwa kandokando ya Mombasa, na daraja linalopangwa Likoni.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha kelele za ujenzi penye makazi: desibeli 60 mchana na 35 usiku. Mtetemo nao usizidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja. Wala desibeli hazihesabiwi kama pishi za mchele. Zikiongezeka 10 tu, sikio huona kelele imekuwa takriban maradufu. (Kanuni hizo hazikuvisahau vipaza sauti vyetu, na hilo lina siku yake.)

Lakini kikomo chafaa nini pasipo kipimo cha kabla? Hapa ndipo wengi hudhulumika. Mashine zikishafika na ufa ukaonekana, mkandarasi husema ulikuwapo tangu zamani, na mwenye nyumba hana la kumjibu. Ndiyo maana wapimaji hupaswa kuja mapema, wapime mchana na usiku, wazikague nyumba na kuzipiga picha. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji wa Kale, zataka uangalifu zaidi.

Wapimaji wakibisha hodi mchana, mara nyingi humkuta mama. Yeye ndiye ajuaye chumba alalacho mtoto mchanga na ukuta ulioanza kupasuka. Basi asiwarudishe kwa kuwa baba hayupo. Na akae na mahramu wake au jirani mwanamke, awaeleze yote.

Kwenye mikutano ya hadhara tuulize: mlipima wapi, na je, mlipima usiku? Asiyeridhika na leseni ya mradi ana siku 60 za kukata rufaa.

Picha za kuta zipigwe sasa, kabla ya tingatinga la kwanza, na kila picha iandikwe tarehe.