Makapi ya Matunda kwa Watoto wa Mbuzi: Faida na Hatari Zake

Kila msimu wa mavuno, wasindikaji wa matunda katika mikoa ya Mbeya na Iringa hutupa maganda na makapi mengi. Kwa mfugaji wa mbuzi, baadhi ya mabaki hayo ni chakula. Mengine ni sumu. Ni wajibu wa kila chama cha msingi kuwafahamisha wanachama wake tofauti hiyo kabla ya kupakia gunia la kwanza.

Tumbo la mtoto wa mbuzi

Mtoto wa mbuzi hazaliwi akiwa tayari kucheua. Saa chache baada ya kuzaliwa hana budi kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ambayo humpa kinga dhidi ya maradhi. Kuanzia juma la pili huanza kudonoa majani laini, na tumbo la kucheulia hukua kadiri anavyokula. Kwa hiyo makapi yasitolewe kabla ya juma la nne, wala yasichukue nafasi ya maziwa. Aanze na kiasi kidogo cha kiganja, kiongezwe siku kwa siku. Sukari nyingi kwa ghafla huzidisha tindikali tumboni, na mtoto huhara, hudhoofika, hata kufa.

Kuchanganya

Makapi ya mananasi, maembe na ndizi yana nguvu, lakini hayana protini ya kutosha kumkuza mnyama mchanga. Upungufu huo huzibwa na mashudu ya alizeti na majani ya luseni. Mchanganyiko wa kuanzia waweza kuwa sehemu 4 za pumba za mahindi, sehemu 4 za mashudu ya alizeti na sehemu 2 za makapi makavu, pamoja na chumvi ya mifugo kidogo. Maji safi na majani mazuri yawepo daima.

Kuhifadhi

Makapi mabichi yenye maji asilimia 80 yakifika kilo 100, chakula kikavu kilichomo ni kilo 20 tu. Zilizosalia ni maji. Katibu anayepanga gari aikumbuke hesabu hiyo, maana nauli ya safari ndefu yaweza kumeza faida yote. Makapi yachukuliwe siku ileile yalipotoka, yakatwekatwe na kuanikwa kwa tabaka jembamba juu ya turubai. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Hivyo yafunikwe kabla ya umande kushuka. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, kuanika ni kazi ngumu. Yaliyoota ukungu yatupwe bila huruma, kwani ukungu waweza kuleta sumu isiyoondoka kwa kukaushwa.

Onyo juu ya parachichi

Zao la parachichi limeenea sana Rungwe na Njombe, na mabaki yake ni mengi. Hata hivyo majani, maganda na kokwa za parachichi zina sumu iitwayo persini, ambayo huumiza kiwele cha mbuzi anayenyonyesha na misuli ya moyo wake. Mabaki hayo, pamoja na yale ya kukamulia mafuta, yasilishwe mbuzi. Vilevile kokwa za mapichi na plamu ziondolewe, kwa kuwa kiini chake hutoa sumu ya sianidi.

Kazi ya chama

Chama kinachotaka kuanza kiafikiane na msindikaji juu ya siku na aina ya makapi, na kila aina iwekwe peke yake. Wafugaji wachache watangulie, wapime uzito wa watoto wa mbuzi kila juma na kuuandika daftarini, wakilinganisha na wale wasiopewa makapi. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kilichopo Uyole na bwana mifugo wa kata waombwe ushauri mapema. Daftari hilo ndilo litakalowaonyesha wanachama kama makapi yanastahili gharama yake.