MISHUMAA YA NTA KATIKA KOPO
Namna ya Kuukaza Utambi na Kuusimamisha Katikati

Katika nchi za miombo, kama vile Tabora na Katavi, wafugaji wa nyuki hukamua asali, na masega hubaki. Mwenye kujua thamani yake huyayeyusha akapata nta. Asiyejua huyatupa jalalani. Nta hiyo, ikiisha kuchujwa ikawa safi, yaweza kuwa mwanga wa nyumbani. Habari ya kuyeyusha masega na kuchuja nta si kazi ya karatasi hii. Hapa twaeleza jambo moja tu, ambalo watu wengi hulidharau: namna ya kuukaza utambi chini ya kopo, na kuusimamisha wima katikati.

Mshumaa wa kopo ni rahisi kutengeneza, kwa maana hauhitaji kalibu. Kopo lenyewe ndilo kalibu, tena ndilo taa. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa nta imefungiwa ndani ya bati, basi hapana hatari.

Mimi nilijifunza haya kwa hasara. Mshumaa wangu wa kwanza niliumimina kwa haraka, kisha nikauchomeka utambi kwa mkono, nikaenda zangu. Usiku wa kwanza na wa pili ulitoa mwanga mzuri. Usiku wa tatu nta ilikuwa imepungua, utambi ukaanguka ukaegemea ubavu wa kopo, nasi tumelala. Mke wangu aliamshwa na harufu ya moshi. Mkeka uliokuwa chini ya kopo ulikuwa umeungua mahali palipo sawa na upana wa sahani, na nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Tulikuwa na watoto watatu ndani.

KWA NINI UTAMBI USIMAME KATIKATI

Si utambi unaotoa mwanga, bali ni nta. Moto huyeyusha nta iliyo karibu nao. Nta hiyo hupanda katika nyuzi za utambi, kama maji yapandavyo katika kitambaa, ikageuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Utambi ukiwa katikati, joto huenea sawasawa, na nta huyeyuka kutoka katikati hata ukingoni. Utambi ukienda upande, mambo mawili hutokea. Kwanza, upande wa pili hauyeyuki, na nta yake hupotea bure. Pili, upande ulio karibu na moto hupata joto jingi mno: bati huunguza mkono, na gilasi huweza kupasuka.

Na utambi usiokazwa chini huelea au huanguka mara nta inapokuwa kidogo. Hapo ndipo moto unapofika chini ya kopo.

VITU VINAVYOTAKIWA

Tafuta kopo la bati lenye upana wa inchi 2 hivi, lisilo na tundu wala kutu. Usitumie kopo lililokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa. Kifuu cha nazi na kipande cha mwanzi havifai kuwa chombo, kwa sababu vyenyewe huungua. Pata pia uzi wa pamba, kifuniko cha bati cha kukata, msumari mwembamba, koleo, mkasi, kijiti cha mwanzi, na sufuria 2, moja ndogo na moja kubwa.

KUTENGENEZA UTAMBI

Uzi uwe wa pamba tupu. Ukiwa na shaka, choma ncha yake: pamba huacha majivu laini, nailoni hujikunja ikawa tone gumu. Suka nyuzi kwa mafungu 3 kama wasukavyo nywele. Kusuka huku si pambo. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alionyesha kwamba utambi uliosukwa hupinda ncha yake kidogo unapowaka, ncha hiyo ikatoka kwenye ukingo wa moto ikateketea, wala haibaki ndefu ya kutoa masizi.

Kisha tumbukiza utambi katika nta iliyoyeyuka. Utaona mapovu madogo yakitoka. Hiyo ni hewa iliyo ndani ya nyuzi. Yakiisha, utoe, uuvute kwa mikono miwili mpaka unyoke, ukaupoze hivyo hivyo. Utambi ulionyweshwa nta husimama kama kijiti. Utambi mkavu hulegea.

KUTENGENEZA KIKALIO

Kata duara ndogo ya bati yenye upana wa inchi 1. Itoboe katikati kwa msumari, ukipiga kutoka upande utakaokuwa chini, ili kingo za tundu ziinuke juu kama shingo fupi. Pitisha utambi katika shingo hiyo, uibane kwa koleo, kisha ukate sehemu yote ya utambi inayotokeza chini. Shingo hii ina kazi mbili. Hushika utambi usianguke, na huuzuia usinywe nta ya chini kabisa, hata moto ufe wenyewe kabla ya kufika chini ya kopo.

KUTAFUTA KATIKATI

Usitegemee jicho. Simamisha kopo juu ya karatasi, uizungushie alama, ukate duara hiyo. Ikunje mara mbili, uikunjue; mahali mikunjo inapokatana ndipo katikati. Punguza ukingo wake kidogo ili iingie koponi, uitoboe hapo, uilaze chini ndani ya kopo, utie alama ya makaa katika tundu, uitoe.

Sasa pima upana wa mdomo wa kopo. Katika kijiti cha mwanzi tia alama 2 zenye nafasi iliyo sawa na upana huo, na alama ya tatu katikati yake. Kijiti kiwe kirefu kupita mdomo kwa inchi 1 kila upande. Kipasue kidogo penye alama ya katikati, ili mpasuko ubane utambi.

Dondosha nta ya moto juu ya alama ya makaa, ukikandamize kikalio hapo mpaka nta igande. Laza kijiti, alama zake 2 zikae sawa juu ya ukingo, utie utambi katika mpasuko, uuvute unyoke. Usiuvute kwa nguvu, usije ukang'oa kikalio.

KUMIMINA

Nta ya nyuki huyeyuka ikifikia joto la digrii 62 hadi 64 za sentigredi. Iyeyushe katika sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, wala usiiweke juu ya moto wenyewe, maana ikizidi joto hushika moto. Ikishika, funika kwa kifuniko au mchanga. Usitie maji kamwe.

Weka kopo juani kwanza lisiwe baridi. Nta ikiisha kuyeyuka yote, iepue, ungoje mpaka utando mwembamba uanze kuonekana ukingoni mwa sufuria. Mimina kimo cha nusu inchi tu. Ngoja igande ishike kikalio, kisha tazama kutoka juu kama utambi ungali wima. Hapo ndipo umimine iliyobaki, ukiacha nusu inchi juu.

Nta hunywea inapopoa, nayo hufanya shimo kando ya utambi, na kuuvuta upande. Kwa hiyo usiondoe kijiti mpaka kesho yake, wala usiweke kopo penye upepo. Penye shimo, toboa kidogo kwa kijiti chembamba, ujaze nta ya moto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kata utambi ubaki robo inchi kabla ya kuwasha.
2. Jaribu mshumaa 1 kabla ya kutengeneza 10. Moto ukizama katika shimo, utambi ni mwembamba; ukitoa moshi mweusi, ni mnene.
3. Weka kopo juu ya jiwe au kigae, si juu ya mkeka, mbali na nyasi na mapazia.
4. Nta ikibaki kimo cha nusu inchi, zima, uyeyushe mabaki kwa mshumaa mwingine.
5. Usilale ukiacha mshumaa unawaka.

Kazi ya kikalio na kijiti haizidi robo saa. Usiione kuwa nyingi. Mimi niliikwepa mara moja tu.