Shanga za Ganda la Mbuni: Ujirani wa Miaka 50,000

Yai la mbuni lina urefu wa sentimita 15 hivi, na ujazo wake unakaribia ule wa mayai 24 ya kuku. Aliyeliokota porini zama za kale alikuwa amepata mlo wa familia nzima. Kisha akabaki na ganda: jeupe, lenye kung'aa, lisilovuja, nene la milimita mbili. Wasan wa jangwa la Kalahari walilitoboa tundu dogo juu, wakalijaza maji na kulifukia ardhini kujiandaa na kiangazi. Hata lilipovunjika halikutupwa. Vipande vyake viligeuzwa shanga.

Nyingi ya shanga hizo hazifiki milimita kumi kwa upana. Hata hivyo, zimekuwa mojawapo ya njia bora za kujua nani alihusiana na nani barani Afrika kabla ya kilimo, kabla ya chuma, kabla ya chungu cha kwanza kuokwa. Zana za mawe hueleza watu walichinja nini na walichuna ngozi gani. Ushanga hueleza walitaka kuonekana vipi, na mbele ya nani.

Binadamu alianza kujipamba mapema mno. Katika pango la Bizmoune nchini Moroko yamepatikana makombe madogo ya konokono wa baharini yaliyotumika kama shanga kati ya miaka 142,000 na 150,000 iliyopita. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yapo ya miaka kama 75,000. Huku pwani ya Kenya, katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wachimbaji walikuta ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa kati ya miaka 63,000 na 67,000. Mapambo hayo yote yana jambo moja linalofanana: umbo lake lilitoka baharini. Mtu aliokota kombe, akatafuta lenye tundu au akalitoboa mwenyewe, akalitunga.

Ushanga wa ganda la mbuni ni habari nyingine. Hakuna mahali porini ambapo mtu ataokota kiduara cha milimita sita chenye tundu katikati. Upana wa duara, ukubwa wa tundu, ulaini wa ukingo, kila kimoja ni uamuzi wa fundi. Kwa sababu hiyo wataalamu huutaja kuwa ushanga wa kale zaidi ambao binadamu aliutengeneza mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu vipimo vyake vina maana. Shanga mbili kutoka mahali pawili zikilingana, kulingana huko hakukutokana na umbile la konokono.

Kazi yenyewe huanza kwa kuvunja. Fundi hupasua ganda mpaka apate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hukishika kimoja, upande wa ndani ukiwa juu, akaanza kutoboa. Mara nyingi hutobolewa kutoka ndani kwa kuwa upande huo ni laini kuliko ule wa nje. Zamani keekee yake ilikuwa ncha ya jiwe iliyofungwa kwenye kijiti, na kijiti kikizungushwa baina ya viganja. Unga mweupe hutoka taratibu mpaka mwanga upenye. Tundu la namna hii huwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Umbo hilo halifutiki. Hata baada ya makumi ya maelfu ya miaka hadubini bado huonyesha ncha ilipoanzia.

Hatua inayofuata ni kumegua kingo, punje kwa punje, mpaka kipande kianze kuwa cha mviringo. Hapa ndipo vingi hupasuka. Vilivyosalimika hutungwa pamoja kwenye uzi wa kano ya mnyama, vikabanwa vikashikana, kisha mkufu mzima husuguliwa juu ya jiwe lenye mfereji. Kusugua kwa pamoja ndiko kunakozifanya shanga za mkufu mmoja zilingane. Anayetaka rangi huzipitisha kwenye joto la moto, zikawa za kijivu au nyeusi. Wengine walizipaka udongo mwekundu.

Wapo mafundi waliofuata njia tofauti: kuchonga duara kwanza, kutoboa mwishoni. Kipande kikipasuka wakati wa kutoboa, kazi yote ya kuchonga imepotea. Wanaakiolojia hutambua ni njia gani ilifuatwa kwa kuangalia vipande vilivyoharibika katikati ya kazi. Katika pango la Enkapune Ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha, mwanaakiolojia Stanley Ambrose alikuta shanga zilizokamilika zikiwa 13 tu, vipande ambavyo havijamalizika 12, na mamia ya vigae vya maganda. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1998 yalionyesha kwamba karakana hiyo ilifanya kazi miaka kama 40,000 iliyopita.

Tanzania imetoa ushahidi wa zamani zaidi. Kwenye mwamba wa Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambako uchimbaji ulianza miaka ya 1930, na kwenye mwamba wa Magubike mkoani Iringa, kuna shanga zinazofikia karibu miaka 50,000. Katika Kisese II, eneo la Kondoa lenye michoro maarufu ya miambani, uchimbaji mkubwa ulifanywa mwaka 1956. Vilivyopatikana, yakiwemo maganda ya mbuni, viliwekwa kwenye stoo za makumbusho, na miongo sita ikapita kabla ya watafiti kurudi kuyachambua maganda yale kwa mbinu za leo.

Umri wa shanga hujulikana vipi? Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, na ndani yake mna kaboni iliyotoka kwenye majani aliyokula mbuni. Kaboni hiyo hupimwa kwa njia ya radiokaboni, ambayo ukomo wake ni miaka 50,000 hivi. Ushanga hauhitaji kukisiwa umri kwa kutazama tabaka la udongo lililouzunguka. Unaweza kupimwa wenyewe. Ganda hilo pia hutunza mambo kuliko mfupa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba ganda la mbuni kutoka Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, lilikuwa bado na vipande vya protini baada ya miaka milioni 3.8.

Utafiti uliozipa shanga hizi umaarufu ulitoka Desemba 2021 katika jarida la Nature. Jennifer Miller na Yiming Wang, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani, walikusanya vipimo vya shanga 1,516 kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini. Walipima vitu vitatu: upana wa ushanga, upana wa tundu na unene wa ganda. Kazi hiyo haina mbwembwe. Ni kukaa na kipimo mkononi, ushanga baada ya ushanga, makumbusho baada ya makumbusho.

Jibu lilishangaza. Kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, shanga za Afrika Mashariki na zile za Afrika Kusini zilikuwa karibu sawasawa, ingawa kilomita 3,000 na zaidi zilizitenga. Watafiti hao walihitimisha kwamba watu wa pande hizo walikuwa na mawasiliano, na kwamba mtindo ulisafiri kutoka jirani hadi jirani, pengine ukianzia mashariki. Huu ndio mtandao wa kijamii wa kale kuliko yote iliyokwisha kupendekezwa kwa ushahidi wa aina hii.

Kisha mtandao ukakatika. Miaka kama 33,000 iliyopita shanga zikatoweka kusini, zikaonekana tena miaka 19,000 iliyopita, na ziliporudi zilikuwa ndogo kuliko za mashariki. Miller na Wang walitazama hali ya hewa ya wakati huo. Ukanda wa mvua za kitropiki ulikuwa umesogea kusini, na bonde la Zambezi likapata mvua nyingi. Kwa maoni yao, mafuriko ya bonde hilo yaligeuka kizuizi baina ya pande mbili zilizokuwa zikitembeleana.

Hoja hiyo ina mahali pa kuhojiwa. Shanga za kusini za kipindi kile cha kwanza ni chache, na watu wasiofahamiana wanaweza kubuni kitu kinachofanana. Lakini kuna ushahidi wa aina nyingine kabisa kwamba shanga zilisafiri mbali, nao unatoka Lesotho.

Milima mirefu ya Lesotho haina mbuni. Hata hivyo, kwenye miamba ya Melikane na Sehonghong zimechimbuliwa shanga za ganda la mbuni. Mwanaakiolojia Brian Stewart na wenzake waliuliza swali jepesi: zilitoka wapi? Walipima strontiamu. Elementi hii hutoka kwenye mwamba ikaingia kwenye udongo, kutoka udongoni ikaingia kwenye majani, na kwa kuwa inafanana kitabia na kalsiamu, mbuni huihifadhi katika ganda la yai. Mwamba mkongwe na mwamba mchanga hutofautiana katika uwiano wa isotopu za strontiamu. Milima ya Lesotho imefunikwa na basalti ya miaka milioni 180 hivi, ambayo ni changa ikilinganishwa na miamba ya maeneo mengi ya ndani ya bara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baadhi ya shanga zilitengenezwa kwa mayai yaliyotagwa kilomita zaidi ya 325 kutoka hapo, na huenda hata kilomita 1,000.

Hakuna aliyehitaji kutembea njia yote hiyo. Kwa Waju/'hoansi wa mpaka wa Botswana na Namibia kulikuwa na utaratibu uitwao hxaro. Mtu humpa mwenzake zawadi, na kazi ya shanga za ganda la mbuni ilikuwa zawadi ya heshima. Aliyepewa harudishi siku hiyo wala mwezi huo. Deni huachwa makusudi lielee, kwa sababu deni ndilo linaloushikilia uhusiano. Baadaye mkufu huo hupelekwa kwa rafiki mwingine, mbali zaidi.

Mwanaanthropolojia Polly Wiessner, aliyeishi nao miaka ya 1970, aliona faida yake kwa macho. Mwaka 1974 chakula cha porini kiliharibika, njaa ikabisha hodi, na takriban nusu ya watu wa kambi moja wakatawanyika kwenda kukaa na washirika wao wa hxaro katika maeneo yaliyokuwa na chakula. Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana. Shanga hizi zilifanya yote mawili: zilifanana shingoni, na zilifaa siku ya shida.

Ufugaji ulipoingia, shanga ziliandika habari hiyo nayo. Kwa miaka mingi wanaakiolojia wa Afrika Kusini walitumia kanuni ya mkato: shanga ndogo ni za wawindaji, kubwa ni za wafugaji. Mwaka 2019 Miller na Elizabeth Sawchuk walipima zaidi ya shanga 1,200 za miaka 10,000 iliyopita kutoka maeneo 30. Kusini waliona kweli shanga kubwa zikijitokeza miaka 2,000 hivi iliyopita, wakati mifugo ilipofika, lakini ndogo hazikuacha kutengenezwa. Mashariki hakukuwa na badiliko lolote: wafugaji walivaa shanga za vipimo vilevile vya waliowatangulia. Na zile kubwa za kusini zinalingana na za mashariki. Ng'ombe na kondoo walikuja pamoja na mtindo mpya, ila wenyeji hawakufutwa wala hawakutupa wa kwao.

Magharibi ya Ziwa Turkana kuna sura nyingine ya wafugaji hao wa mwanzo. Eneo la makaburi la Lothagam North, lililojengwa kwa mawe miaka 5,000 hivi iliyopita, lilipokea maiti zisizopungua 580. Karibu kila aliyezikwa alikuwa na mapambo, wake kwa waume, watoto kwa wazee: shanga za ganda la mbuni shingoni na nyongani, vidani vya mawe ya rangi, pete za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililoundwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa jangwani. Hapakuwa na kaburi la bwana mkubwa lililopambwa kuliko mengine.

Ganda la mbuni halikutoweka mavazini mpaka juzi. Mavazi ya ngozi ya wanawake wa Kiturkana yaliyonakshiwa kwa visahani hivyo vyeupe yamo katika makumbusho mengi. Kilichopunguza kazi hiyo ni shanga za kioo, ambazo misafara ya karne ya 19 ilizibeba kwa wingi kutoka pwani, nyingi zikiwa zimetoka Venice na Bohemia. Kwa Wamaasai na Wasamburu kioo kilileta nyekundu na buluu ambazo ganda lisingeweza kutoa, na mikono iliyozoea kutunga ikaendelea kutunga.

Leo mbuni wa porini analindwa na sheria, na mayai yake hayaokotwi ovyo. Wanawake wa Kisan wa Botswana na Namibia bado wanazitengeneza shanga hizi kwa ajili ya kuvaa na kuuza. Ncha ya chuma imechukua nafasi ya ncha ya jiwe, na wapo wanaomegua kingo kwa kikata kucha. Mengi ya maganda hununuliwa kutoka mashamba ya mbuni ya Afrika Kusini, ambayo kitovu chake ni mji wa Oudtshoorn. Mwanaakiolojia atakayeuchimbua mkufu wa namna hiyo huko Ghanzi, Botswana, miaka elfu kumi ijayo, akapima strontiamu yake, atagundua kwamba yai lilitoka mbali sana na mahali uliposuguliwa, na atakuwa na kazi ya kueleza ni ujirani gani ulioufikisha hapo.