Je, Wajua? "Kaktasi" yako huenda ni ndugu wa mhogo

Je, wajua kwamba mmea mnene wenye miiba ulioununua kando ya barabara Kitengela, ukaambiwa ni kaktasi, huenda si kaktasi hata kidogo? Wangu uko hapa Ewuaso Kedong, ndani ya mkebe wa rangi, karibu na mlango wa jikoni. Miaka miwili niliuita kaktasi. Kisha mbuzi akauangusha, tawi likavunjika, na pale palipovunjika pakachuruzika utomvu mweupe kama maziwa. Mmea huo ni Euphorbia.

Je, wajua kwamba utomvu pekee hautoshi kutoa hukumu? Baadhi ya Mammillaria, ambazo ni kaktasi halisi, nazo hutoa maziwa. Tazama penye mwiba. Kwenye kaktasi, miiba huchipuka kutoka kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba. Kwenye Euphorbia zinazouzwa kwa jina la kaktasi, kwa kawaida miiba hukaa miwili miwili ukingoni mwa mbavu za shina, imeachana kama pembe za ng'ombe, na pamba hakuna. Kamera ya simu inatosha: sogea, kuza picha, hesabu.

Je, wajua kwamba Euphorbia iko ukoo mmoja na mhogo na mbarika? Kaktasi, kwa upande wake, iko karibu zaidi na mchicha. Mimea hii miwili imefanana kwa sababu ya ukame tu: yote imejifunza kuhifadhi maji shinani.

Je, wajua kwamba jina Euphorbia linatokana na Euphorbos, tabibu wa Mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, kaskazini mwa Afrika?

Je, wajua kwamba kaktasi zote asili yake ni bara la Amerika, na ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka? Nayo hakuna anayeidhania kaktasi. Huning'inia kwenye miti ya msituni kama kamba za kijani, na kuzaa vitunda vidogo vyeupe. Basi ule mti mkubwa wa Bonde la Ufa uliotandaza matawi kama kinara cha mishumaa, ambao wageni huupiga picha na kuuita kaktasi, ni Euphorbia candelabrum, mwenyeji kabisa. Karibu na Ziwa Nakuru upo msitu mzima wa miti hiyo.

Je, wajua kwamba ile kaktasi ndogo yenye kichwa chekundu ni mimea miwili iliyounganishwa? Kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, hivyo hulishwa na shina la chini, ambalo mara nyingi ni la jamii ya tunda la joka. Kichwa kikifa, lebo inabaki na jina la marehemu.

Je, wajua kwamba kukosea jina kunaweza kugharimu malisho ya kaunti nzima? Huko Laikipia, mipungate, yaani kaktasi za Opuntia, iliyoletwa kutoka ng'ambo imevamia nyanda za wafugaji. Nyani na ndovu hula matunda na kusambaza mbegu, na vimiiba vidogo huumiza midomo na matumbo ya mifugo. Wataalamu waliachilia wadudu wa kokinili wafyonze Opuntia stricta, nao wakafanya kazi. Lakini wadudu hao hao hawaiwezi vivyo hivyo Opuntia engelmannii, inayofanana nayo sana machoni pa mpita njia.

Je, wajua kwamba utomvu wa mnyaa, Euphorbia inayopandwa kuwa ua wa boma, umetumiwa na wavuvi kulevya samaki? Ukikuingia jichoni huchoma vibaya. Osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda zahanati. Unapokata matawi, waweke watoto mbali.

Je, wajua kwamba hifadhi kuu ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iko Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi? Chimbuko lake ni Amani, Tanzania, mwaka 1902, na ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Humo kila mmea umebandikwa pamoja na jina la mahali ulipochumwa, kwa kuwa mahali husaidia kulijua jina.

Jina kamili husubiri ua. Kaktasi nyingi hutoa ua kubwa lenye petali nyingi; Euphorbia hutoa vikombe vidogo, mara nyingi vya manjano. Mpaka uone ua, ng'oa lebo ya zamani, andika "Euphorbia" kwa penseli, kwa kuwa wino hufutwa na mvua, na uache nafasi ya jina la pili.