NENO LA MGENI HUJENGA HOTELI, NA HUIBOMOA

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kulaza wageni, methali hiyo leo yahitaji nyongeza: kizuri huuzwa na ndimi za wale waliokwisha kukionja, na ndimi hizo siku hizi husikika dunia nzima kwa njia ya intaneti. Msafiri aliyeko Berlin au Nairobi, kabla hajalipa hata senti moja kwa chumba cha Kabale au Fort Portal, husoma kwanza waliyoyaandika wageni waliomtangulia. Akiridhika, huja. Asiporidhika, huenda kwa jirani, na mwenye hoteli hatajua kamwe kwamba amempoteza mgeni.

Kwa hiyo yafaa wananchi, hasa wenye nyumba ndogo za wageni na wasafiri wenyewe, waelewe jinsi mizani hii inavyofanya kazi.

NYOTA NA ALAMA

Kuna vipimo viwili ambavyo havina budi kutofautishwa. Cha kwanza ni nyota za daraja. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja ya nyota 1 hadi 5, na hapa Uganda kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Utalii. Mkaguzi hutazama majengo, vyumba, jiko, usalama na huduma zilizopo.

Cha pili ni alama za wageni. Hizo huonyesha iwapo mgeni alipata alichokitarajia kwa fedha alizolipa. Ndiyo sababu nyumba ndogo isiyo na nyota hata moja yaweza kupata alama 9 kwa 10, na hoteli ya fahari ikaambulia 7.

JINSI MAONI YAKUSANYWAVYO

Kampuni zinazokusanya maoni hazifuati utaratibu mmoja. Tripadvisor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, humruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha kutoa maoni, na alama zake ni 1 hadi 5. Haimdai stakabadhi ya malazi. Hutegemea mitambo na wachunguzi wake kuchuja yaliyo ya uongo. Booking.com, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, humwalika aliyeweka nafasi ya chumba kupitia kwake, baada ya kuondoka hotelini. Tangu mwaka 2019 mgeni huyo hutoa alama ya jumla kati ya 1 na 10. Hapo awali alama ilikuwa wastani wa mambo sita, na kwa kuwa hakuna jambo lililoweza kupewa chini ya 2.5, hata hoteli mbovu kupindukia haikushuka chini ya kiwango hicho.

Airbnb, iliyoanzishwa mwaka 2008, huwapa kalamu wote wawili: mgeni humwandika mwenyeji, na mwenyeji humwandika mgeni. Tangu mwaka 2014 maandishi yao hufichwa mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 zipite. Shabaha yake ni kuzuia kisasi, kwani aogopaye kulipizwa hasemi kweli.

UZITO WA NENO MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita kando ya Ziwa Bunyonyi. Wageni wanne wa kwanza wametoa alama 10, 9, 9 na 10. Wastani ni 9.5. Akaja wa tano, mvua ikamnyeshea njiani, umeme ukakatika, akatoa 2. Wastani huporomoka hadi 8. Lakini hoteli kubwa yenye maoni 200 na wastani huo huo wa 9.5, ikipewa 2 na mgeni mmoja, hushuka kidogo mno, yaani hadi 9.46.

Ni dhahiri basi kwamba mnyonge ndiye aumiaye zaidi. Na haumii peke yake: wamo mpishi, mfua nguo, mwenye mtumbwi, na mkulima amletee viazi kila asubuhi.

HATARI YA UONGO

Palipo na faida, walaghai hawakosi. Mwaka 2017 Mwingereza Oobah Butler alikiandikisha kibanda cha bustanini mwake, London, kuwa mkahawa. Kwa sifa za kubuni alizoandikiwa na rafiki zake, kibanda hicho kilifika nafasi ya kwanza ya mikahawa yote ya mji huo katika Tripadvisor, bila ya kuwahi kufungua milango kwa wateja. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyewauzia wenye hoteli na mikahawa maoni ya uongo. Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku biashara hiyo iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na sheria ya Uingereza ikafuata Aprili 2025.

MSOMAJI AFANYE NINI?

Katika upelelezi wa kijeshi, majeshi mengi hupima kila taarifa mara mbili: aliyeileta hupewa herufi, A hadi F, kwa uaminifu wake, na taarifa yenyewe hupewa namba, 1 hadi 6, kwa jinsi inavyoafikiana na mengine yajulikanayo. Msafiri naye afanye vivyo hivyo. Atazame kwanza mwandishi ni nani: je, ameandika mahali pengine, au amezuka leo kwa sifa moja tu? Kisha atazame jambo lenyewe: je, wengine wamelisema? Ayasome maoni ya karibuni kabla ya yale ya zamani. Wageni kumi wakilalamikia maji ya bafuni, hapo pana tatizo la maji.

Mwenye hoteli naye asinunue sifa, wala asimtishe mgeni aliyelalamika. Amjibu kwa adabu, aeleze alichokirekebisha, kisha awaombe wageni wote, walioridhika na wasioridhika, waandike waliyoyaona. Maoni yakiwa mengi, neno la mmoja halimwangushi tena.

Na wewe mgeni, kabla hujaandika, kumbuka kwamba upande wa pili wa kalamu yako wapo watu wanaokula kwa jasho lao. Sema kweli yote, isiyopunguzwa wala kuongezwa chumvi. Hapo ndipo itakapotimia ile methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.